Sarafu yenye rangi ngeni: Kosa la kiwanda au kazi ya chumvi?

Na Mwandishi Wetu

SARAFU ya sh. 100 tuliyoizoea ni ya manjano, upande mmoja ina picha ya Mwalimu Nyerere na upande wa pili swala wanne wanaokimbia. Siku inapoonekana sh. 100 iliyo nyekundu kama sufuria ya shaba, au nyeupe kama sarafu ya sh. 500, maneno huanza. Mmoja atasema imeharibika na hataki kuipokea. Mwingine atanong'ona kwamba hiyo ilikosewa kiwandani, kwamba za namna hiyo ni chache duniani, na kwamba yupo tajiri Dar es Salaam au Maskati anayezinunua kwa mamilioni.

Kwa mkulima au mwenye duka wa Wingwi, Wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, hayo si mazungumzo ya barazani tu. Tuseme mtu anaingia dukani na sarafu nyekundu na kuiuza kwa sh. 50,000, kwa ahadi kwamba mnunuzi mkubwa atailipa mara kumi ya hapo. Fedha hiyo ni mtaji. Ni sukari na unga usionunuliwa wiki hiyo, au ni ujira wa wachumaji karafuu wakati msimu umeshafika na mvua inatisha. Na kuna hasara ya upande wa pili ambayo watu hawaifikirii: mtu kupata kitu cha thamani ya kweli, akakisugua kwa ndimu na mchanga mpaka kikang'ara, na kumbe ameshakiua.

Makala haya yanaeleza namna ya kuichunguza sarafu ya aina hiyo kabla ya kutoa hata senti moja, kwa vifaa ambavyo Pemba vinapatikana: sumaku, kioo cha kukuzia, mizani ya sonara na glasi ya maji. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba rangi, mara nyingi, inaeleza mambo yaliyoipata sarafu baada ya kuingia mikononi mwa watu. Mambo ya kiwandani huelezwa zaidi na uzito, ukingo na chapa.

Kosa la kiwanda ni lipi?

Tanzania haina kiwanda cha kutengeneza sarafu. Benki Kuu huagiza sarafu kutoka viwanda vya nje, na huko kazi hufanyika hivi. Bamba la madini hukatwa vipande vya duara, tuviite visahani. Kama sarafu ni ya kupakwa, visahani vya chuma hutiwa katika maji yenye dawa na kupitishiwa umeme mpaka vivae ngozi nyembamba ya madini mengine. Baadaye huingizwa katika tanuri ili vilainike, kisha kila kisahani huwekwa katikati ya mihuri miwili migumu na kugongwa kwa nguvu kubwa. Pigo hilo moja hutoa picha, maandishi na ukingo kwa pamoja.

Sarafu za sh. 50 na sh. 100 za sasa ni za chuma kilichopakwa shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Ile ya sh. 500, iliyoanza kutumika mwaka 2014, ni chuma kilichopakwa nikeli, ndiyo maana ni nyeupe. Lakini sh. 200 iliyotoka mwaka 1998 ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Msomaji aziweke tofauti hizi kichwani, maana vipimo vyote vitakavyofuata vinazitegemea.

Sasa, rangi inaweza kukosewa kiwandani kwa njia chache tu. Kisahani cha sarafu nyingine, au hata cha nchi nyingine inayohudumiwa na kiwanda hicho hicho, huweza kubaki katika pipa na kugongwa kwa muhuri usio wake. Kisahani huweza kuruka hatua ya kupakwa, kikagongwa kikiwa chuma kitupu. Tena kuna viwanda vinavyopaka shaba kwanza, halafu zinki juu yake, kisha moto wa tanuri ndio unaovichanganya viwili hivyo kuwa manjano. Hatua ya zinki ikirukwa, sarafu itatoka nyekundu tangu kiwandani. Na tanuri lenyewe likizidi joto au likiingiwa na vumbi la madini, visahani vinaweza kutoka vyeusi au vyekundu.

Kwa hiyo kosa la rangi lipo, si hadithi. Ila viwanda hukagua sarafu kabla ya kuzipakia, na nyingi zenye kasoro huishia kuyeyushwa. Bahari ya Pemba, kwa upande wake, haina mkaguzi.

Chumvi inavyokula zinki

Mama wa Pemba aliyewahi kusugua sinia la shaba kwa ndimu au ukwaju anaijua habari hii bila kusoma kitabu. Sinia la manjano likiachwa na ukwaju muda mrefu hutoka na madoa mekundu. Kilichotokea ni kwamba uchachu umeyayusha zinki iliyo juu na kuiacha shaba peke yake. Shaba iliyobaki ndiyo inayoonekana nyekundu.

Maji ya bahari hufanya kazi hiyo hiyo, polepole zaidi. Sasa fikiria mama anayelima mwani katika fukwe za Micheweni. Sarafu zake amezifunga katika pindo la kanga, kanga imelowa maji ya chumvi tangu asubuhi, na jasho limeongezeka juu yake. Leo hivyo, kesho hivyo. Au sarafu iliyoanguka katika dau la mvuvi ikakaa msimu mzima chini ya mbao, ndani ya maji machafu yanayosubiri kufutwa. Ngozi ya shaba iliyoko juu ya chuma cha sh. 100 ni nyembamba mno, wala haihitaji miaka mingi kupoteza zinki. Sarafu itatoka nyekundu, na mwenye kuiona kwa mara ya kwanza atadhani imezaliwa hivyo.

Ikiendelea kukaa, chumvi hupenya mahali palipokwaruzika na kukifikia chuma. Hapo vitaanza vidoti vya kutu ya kahawia, hasa kwenye ukingo, na ngozi itabenuka kama rangi ya ukuta ulioingia unyevu. Tope la mikoko lina namna yake: lile tope linalonuka mayai yaliyooza lina salfa, na salfa huigeuza shaba na fedha kuwa nyeusi. Moto wa jikoni au wa tanuri la chokaa huleta rangi za zambarau, buluu na weusi, na wakati mwingine rangi hizo ni nzuri kiasi cha kumshawishi mtu mzima. Maji ya betri ya gari nayo huiharibu sarafu.

Hizo zote ni ajali. Yapo pia ya kukusudia. Zebaki ikipakwa juu ya sarafu ya shaba huifanya ing'are kama fedha, kisha baada ya siku hufifia. Na zebaki ni sumu, hivyo sarafu inayoacha weupe kwenye vidole isichezewe na watoto. Katika maabara za skuli wanafunzi hufundishwa kuipaka sarafu ya shaba kwa zinki mpaka iwe nyeupe, halafu kuipitisha juu ya moto mpaka iwe ya rangi ya dhahabu. Senti 5 ya zamani yenye picha ya samaki, iliyoanza kutoka mwaka 1966 na ambayo ni ya shaba, inaweza kufanyiwa mchezo huo kwa nusu saa.

Sumaku kwanza

Mwenye duka aanze na sumaku. Ile iliyo nyuma ya spika mbovu ya redio inatosha. Sh. 100 ya kawaida huvutwa na sumaku kwa sababu moyo wake ni chuma. Sarafu nyekundu ikivutwa kama wenzake, basi ndani yake ni chuma kile kile, na wekundu uko kwenye ngozi tu. Kwa hesabu ya mambo yanayotokea kila siku, hiyo ni sarafu ya chumvi au ya uchachu. Uwezekano wa kosa haujafungwa kabisa, kwa sababu ya ile hatua ya zinki iliyorukwa niliyoitaja, lakini umebaki mdogo, na hapo ndipo kioo cha kukuzia kinapoingia kazini.

Kwa kioo hicho tazama mabondeni, yaani pale ngozi inapokutana na mguu wa herufi na shingo ya picha. Sarafu iliyobadilishwa na bahari huwa nyekundu kwa mabaka: mahali palipo wazi pamekuwa pekundu, na ndani ya vichochoro vya herufi pamebaki mstari wa manjano. Uso wake hauna mng'aro, na ukitazama vizuri una vishimo vidogo kama ngozi ya chungwa. Iliyopitia betri au siki huwa na herufi zilizokonda, kingo zake zimelainika kama sabuni iliyotumika. Iliyokosewa kiwandani ina rangi moja kila mahali, pamoja na ndani ya vichochoro na kwenye ukingo, na herufi zake ni kali. Kama haijatumika sana, utaona juu yake ule mng'aro unaozunguka kama mwale wa taa unapoigeuza, ambao hutokana na pigo la muhuri. Mng'aro huo ukishachubuliwa na uchachu haurudishwi kwa kusugua.

Shida ni kwamba sarafu iliyozunguka sokoni miaka kumi, hata kama ilikosewa kweli, itakuwa imepoteza mng'aro. Katika hali hiyo kioo hakitoshi kutoa hukumu, na mwenye duka asitoe fedha kwa kitu ambacho macho yake hayawezi kukithibitisha.

Ikiwa sumaku haiivuti, mambo yamebadilika na sarafu inastahili safari ya kwa sonara. Kuna njia mbili tu: ama kisahani chake si cha chuma, nalo ni kosa la kweli la kiwanda, ama sarafu yenyewe ni ya bandia iliyomiminwa kwa kalibu. Sarafu ya kumiminwa huwa na vitundu vya hewa usoni, picha zake ni butu, na mara nyingi ukingo wake una mstari wa mshono uliopigwa tupa.

Mizani na glasi ya maji

Watu wengi huuliza sh. 100 inatakiwa iwe na gramu ngapi. Kitabu hakihitajiki. Chukua sarafu kumi za kawaida, za thamani hiyo hiyo na za mwaka ule ule ulioandikwa kwenye ile ngeni, zipime zote kwa pamoja kisha gawa kwa kumi. Wastani huo ndio kipimo chako. Kusisitiza mwaka si urembo: Benki Kuu imekuwa ikibadili madini ya sarafu. Shilingi moja yenye mwenge ya mwaka 1966 hadi miaka ya mwanzo ya 1980 ni ya shaba na nikeli na sumaku haiigusi, lakini zilizotoka kuanzia mwaka 1987 ni za chuma kilichovikwa nikeli na huvutwa. Mtu anayezilinganisha mbili hizo atadhani amevumbua kosa, kumbe ni agizo la serikali.

Shaba nyekundu ni nzito kuliko chuma kwa karibu sehemu moja ya saba. Kwa hiyo kama wastani wa sarafu zako kumi ungekuwa gramu 8, sarafu yenye ukubwa ule ule lakini ya shaba tupu ingekuwa gramu 9 na kitu. Tofauti hiyo mizani ya sonara inaiona bila tabu. Kinyume chake, sarafu nyekundu yenye uzito sawa na wenzake, au nyepesi kidogo kwa kuliwa na chumvi, ni ya chuma, hata mwenye kuiuza aape vipi.

Kuna kipimo kingine ambacho masonara wanakijua na ambacho kwa maoni yangu ndicho bora kuliko vyote, kwa sababu hakidanganywi na ukubwa wala unene wa sarafu. Pima sarafu ikiwa kavu na uandike uzito wake. Kisha weka glasi yenye maji juu ya mizani ya umeme na uirudishe mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, itumbukize ndani ya maji ikining'inia, isiguse chini wala pembeni. Namba itakayotokea ni nafasi inayochukuliwa na sarafu katika maji. Gawa uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Ukipata karibu 7.8 ni chuma, 8.5 au karibu yake ni shaba ya manjano, 8.9 ni shaba nyekundu. 10 na zaidi kidogo ni fedha. Mizani iwe ile inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, na sarafu isiwe na mapovu yaliyoiganda.

Peni ya Wamarekani ya mwaka 1943

Anayedhani vipimo hivi ni kujisumbua bure asikilize yaliyotokea Marekani. Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, shaba ilihitajika kwa silaha, hivyo senti moja ya nchi hiyo ikatengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Ikawa nyeupe. Lakini visahani vichache vya shaba vya mwaka uliotangulia vilibaki mashineni na kugongwa kwa muhuri wa 1943. Hilo ni kosa la kweli la kiwanda, na rangi ndiyo iliyolifichua. Mwaka 2010 moja ya senti hizo, ambayo ilipigwa Denver, iliuzwa kwa dola milioni 1.7.

Habari zilipoenea, kila mtu Marekani akawa na senti nyekundu ya 1943. Wajanja walichukua zile za chuma na kuzipaka shaba, kazi rahisi kwa mwenye betri na chumvi ya shaba. Wengine walichukua senti za shaba za 1948 na kukwangua upande wa namba 8 mpaka ikafanana na 3. Za kundi la kwanza zinakamatwa na sumaku: ya chuma ina gramu 2.70 na inavutwa, ya shaba ina gramu 3.11 na haivutwi. Za kundi la pili zinakamatwa kwa kioo, maana umbo la 3 ya mwaka ule lina mkia mrefu ambao 8 iliyokatwa haina. Rangi, ambayo ndiyo iliyoanza ghasia yote, haikuwa na msaada wowote katika kutenganisha ya kweli na ya uongo.

Tabora, ambako rangi mbili zote ni halali

Hapa kwetu ipo sarafu ambayo rangi yake imewachanganya wengi, na ambayo hutembezwa na wauzaji hadi visiwani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Waingereza zilifunga pwani ya koloni la Wajerumani na sarafu kutoka Ulaya zikakoma kufika. Mwaka 1916 Wajerumani wakaanza kutengeneza zao katika karakana ya reli huko Tabora, kwa mashine ambazo hazikuundwa kwa kazi hiyo. Walitoa heller 5, heller 20, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo na mlima. Kazi ilikwisha mwaka huo huo, kwani mwezi Septemba majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora.

Kwa vile madini yalikuwa ya kuokoteza, heller 20 za Tabora zilitoka za aina mbili, nyingine za shaba nyekundu na nyingine za shaba ya manjano. Mtu mwenye nyekundu asidhani ya mwenzake ya manjano ni ya bandia, wala mwenye manjano asidhani ameokota kosa. Zote zilipigwa hivyo kwa makusudi. Aidha, picha kuwa upande, herufi kufifia na ukingo kutokuwa sawa ni mambo ya kawaida kwa sarafu hizi. Karakana ya reli haikuwa kiwanda cha sarafu.

Ile ya tembo ndiyo ya kuogopwa. Zilitengenezwa kama 16,000 tu, zina uzito wa gramu 7.16 hivi, na dhahabu yake ni robo tatu ya uzito. Nakala za shaba ya manjano zimejaa. Kipimo cha glasi kitamaliza ubishi dakika hiyo hiyo: ya kweli itatoa namba iliyo karibu na 15, ya shaba haitavuka 9.

Kuna nyingine ambayo wazee wengi wanayo katika makasha: shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima nyuma yake. Zanzibar ilianza kutumia shilingi hiyo mwaka 1936 ilipoachana na rupia, na rupia moja ilibadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Shilingi za mpaka mwaka 1946 zilikuwa na robo moja tu ya fedha, zilizobaki zikiwa madini ya bei nafuu, na kuanzia mwaka 1948 fedha iliondolewa kabisa. Hivyo shilingi ya Mfalme George wa Tano iliyochakaa huwa na rangi ya umanjano au ukahawia pale uso wake ulipolika, na pembeni imebaki nyeupe. Hilo nalo si kosa. Ni fedha kidogo iliyokuwa juu imekwisha.

Sarafu inapofukuliwa na jembe

Kwa Wingwi na vijiji jirani kuna sababu ya pekee ya kutokimbilia ndimu. Karibu na hapo, Tumbe, yapo magofu ya Chwaka, na wataalamu waliochimba eneo hilo walikuta makazi ya tangu karne ya 7 au ya 8. Kusini zaidi, Mtambwe Mkuu karibu na Wete, mwaka 1984 iligunduliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nchi za Kiislamu. Zile za fedha nyingi zina majina ya watawala wa pwani hii, nazo ni za karne ya 11 hivi. Ni ndogo sana, nyepesi, na hazina tarehe. Mtu asiyejua angeweza kuzidhania vifungo vilivyooza.

Fedha iliyochanganywa na shaba ikilala ardhini miaka mingi hutokea juu na kutu ya kijani, kwa sababu shaba ndiyo inayotoka kwanza. Kwa hiyo kidude cha kijani kilichoinuliwa na jembe katika shamba la muhogo kinaweza kuwa pesa ya Sultan Barghash ya shaba yenye picha ya mizani, iliyoandikwa mwaka 1299 wa Hijria, ambayo si adimu. Na kinaweza kuwa kitu cha miaka mia tisa. Chini ya ile kutu yapo maandishi, na mara nyingi maandishi yenyewe yamebaki ndani ya kutu, si chini yake. Akisugua, anayafuta.

Kitu cha aina hiyo kiachwe na udongo wake, kifungwe katika karatasi kavu, na mahali kilipotoka pakumbukwe kwa alama ya mti au jiwe. Kisha kipelekwe kwa watu wa Makumbusho na Mambo ya Kale. Pemba wana makumbusho katika Ngome Kongwe ya Chake Chake. Vitu vya kale vina sheria yake Zanzibar, na anayeshawishiwa kuviuza kimya kimya anaingizwa katika matatizo ambayo mnunuzi hatakuwepo kuyashiriki.

Nani atainunua?

Turudi kwa sarafu nyekundu ya sh. 100. Tuseme imepita vipimo vyote: sumaku haiivuti, uzito umekubali, glasi imesema shaba, herufi ni kali. Je, ina thamani gani? Benki Kuu itaihesabu kuwa sh. 100. Benki yoyote ya biashara itafanya vivyo hivyo. Thamani zaidi ya hapo hutolewa na wakusanyaji wa sarafu, na wengi wao wako Ulaya, Marekani na Asia. Wao hawalipi kwa kutazama picha ya simu. Hutaka sarafu iliyopimwa na kufungwa katika kasha na kampuni za uchunguzi, ambazo hutoza ada kwa dola, na gharama ya kutuma na kurudisha ni ya mwenye mali. Tena, wakusanyaji wa makosa ya sarafu za Tanzania ni wachache kuliko wa sarafu za Uingereza au Marekani, hivyo bei hushuka hata kama kitu ni adimu.

Ndiyo sababu hadithi ya tajiri wa Maskati inatakiwa isikilizwe kwa shaka. Mara nyingi huja kwa sura moja. Muuzaji anasema mnunuzi yupo tayari na bei imeshakubaliwa, ila yeye mwenyewe ana haraka, amefiwa au anauguliwa, kwa hiyo anaiachia kwa bei ya kutupa. Au hauzi kabisa, anatafuta mtu wa kushirikiana naye kulipia nauli na kile anachokiita cheti. Mwenye duka amuulize swali moja tu: kama nauli ya boti hadi Dar es Salaam inazaa mamilioni, kwa nini hakuikopa kwa ndugu yake? Na amwambie waongozane kwa sonara, Wete au Chake Chake. Mwenye sarafu ya kweli hatakataa kupimiwa. Mwenye ya ukwaju atakumbuka ghafla kwamba ana shughuli nyingine.

Anayetaka kuiweka sarafu yake kwa matumaini aiweke, haina hasara, mradi aliipata kwa sh. 100. Aikaushe kwa kitambaa laini bila kusugua, aifunge katika karatasi safi na kuiweka mbali na chumvi, jiko na chupa ya siki. Mifuko ya plastiki laini haifai kwa muda mrefu, kwani baadhi yake hutoa unyevunyevu unaoacha ukijani juu ya shaba.

Na ile nyekundu iliyovutwa na sumaku, yenye mabaka na vidoti vya kutu, ambayo wauza maduka wengine huikataa wakidhani ni ya bandia? Maadamu picha, namba na maandishi yake yanasomeka, na uzito wake ni ule wa wenzake, hiyo ni sh. 100 halali. Mama wa mwani akija nayo dukani, apewe kiberiti chake.